Kiti cha Mbele katika Gari la Prof

Mtaani kwetu Kikula, mjini Likasi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Prof, wazazi wao walimwita Prof, hata padri alipomkaribisha kusoma somo la kwanza Jumapili alisema tu, "Prof, karibu." Alifundisha fizikia muda mrefu kiasi kwamba alimfundisha mama yangu, kisha akanifundisha mimi, na sote wawili alitupa alama mbaya zilezile kwa makosa yaleyale. Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ukuta mfupi wa matofali, na nyuma ya ukuta huo ndipo lilipokaa gari lake. Nikisema ninamjua, maana yangu ni kwamba nimeamshwa na mlio wa gari lile tangu nikiwa na meno ya utoto.

Lilikuwa gari la Kifaransa la familia, milango minne, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Lilitoka zama zile ambapo mwalimu wa sekondari aliweza kununua gari na bado akala nyama mwezi huohuo. Magari ya aina yake yalijaa Likasi zamani. Sasa mengi yamekatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na moja ninalijua limekuwa banda la kuku huko Panda, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. La Prof lilikuwa bado linatembea, tena lilikuwa likizidi kuwa gari kuliko siku lilipotoka kiwandani. Ukimuuliza kama analitengeneza, alikasirika. Alisema kutengeneza ni kurudisha kitu pale kilipokuwa, na yeye hakuwa na haja ya kulirudisha pale lilipokuwa, kwa sababu pale lilipokuwa ndipo palipomletea aibu.

"Hii si réparation," alikuwa akituambia. "Ni amélioration."

Sababu ya maboresho yote ilikuwa moja tu na mtaa mzima uliijua. Prof alitaka mke wake, Mama Ntumba, apande tena gari lile.

Kilichotokea ni hiki, na ninakieleza kama nilivyoelezwa na mama yangu aliyekuwamo. Ntumba, binti yao wa kwanza, alikuwa anatolewa mahari. Sherehe ilikuwa Lubumbashi kwa dada yake Prof, kwa sababu huko ndiko ukoo wao ulikokuwa na nyumba kubwa. Kwa watu wa asili ya Kasai kama wao, kati ya vitu vyote vinavyoletwa na upande wa mvulana kuna mbuzi mmoja ambaye ni wa mama wa binti. Mama anakabidhiwa kamba mkononi, mbele ya watu, na kila mwanamke aliyehudhuria anaona kwamba huyu ndiye aliyebeba na kulea. Mama Ntumba alikuwa ameshonesha nguo kwa ajili ya dakika hiyo, na viatu vya kisigino kirefu ambavyo hakuwahi kuvaa kabla.

Gari lilijaa kupita kiasi. Mbele, pembeni ya Prof, alikaa kaka yake mkubwa, mtu mwenye mwili na kofia, ambaye ndiye angefungua mazungumzo na wakwe. Nyuma walibanwa wanawake na mizigo. Kwenye mlima wa kwanza baada ya kutoka mjini injini ilianza kuchemka, na gari likapunguza mwendo mpaka watu wa miguu wakalipita wakisalimia. Prof akasimamisha, akapiga hesabu kichwani, akaomba wanawake washuke wapande mlima kwa miguu ili gari lipate nguvu. Wakashuka. Kaka mkubwa akabaki kitini. Gari likapanda kweli, lakini Prof aliogopa kulizima juu, maana injini iliyochemka vile ikizimwa huenda isiwake tena, na saa zilikuwa zimekwenda, na mazungumzo yasingeanza bila kaka yake. Akatoa kichwa dirishani akapiga kelele kwamba watafute njia, watakutana huko. Akaenda.

Mama Ntumba alimaliza mlima ule na kiatu kimoja, kingine kisigino kilikuwa kimevunjika. Walipata lifti kwenye lori la simenti. Walipofika Lubumbashi walikuwa weupe kuanzia nyusi hadi miguu, na mbuzi alikuwa ameshapokelewa na wifi yake kwa niaba yake, na watu walikuwa wameshapiga vigelegele, na sasa walikuwa wanakula. Alipewa mbuzi baadaye, bila shaka, yuleyule na kamba yake. Alimchukua, akashukuru, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ndani ya gari la mume wake.

Hawakugombana. Nataka hilo lieleweke, maana wageni wakisikia habari hii hudhani nyumba ile ilikuwa na baridi. Mama Ntumba alimpikia, alicheka naye, alimkata nywele barazani huku akimsimulia habari za mtaa. Kanisani alikwenda kwa pikipiki, sokoni kwa miguu, Lubumbashi kwa basi. Gari peke yake ndilo alilolikataa.

Prof aliamini kosa lilikuwa la injini. Ni mwalimu wa fizikia, amezoea kutafuta kosa mahali penye nguvu na uzito. Lakini mama yangu alikuwa amemuuliza Mama Ntumba juu ya ukuta, siku chache tu baada ya sherehe ile, kama kweli alikuwa amekasirikia chuma. Alimjibu huku akianika nguo, kwa Kiswahili chetu ambamo yaya ni kaka mkubwa:

"Si moteur. Alinishusha minye, akamuacha yaya yake anakaa ndani na chapeau. Na usimwambie. Anafundishaka batoto kutafuta cause. Naye atafute."

Hivyo wanawake wa mtaa wote walijua, na mwalimu hakujua, na alitafuta miaka mingi sana mahali ambapo sababu haikuwepo. Mimi nilikuwa nikimhurumia, lakini sitadanganya, nilikuwa pia nikicheka.

Alianza na injini. Aliitoa ile ya zamani akatia nyingine kubwa zaidi, ya pikapu ya ukoo uleule wa magari, iliyokuwa imepinduka njia ya Kolwezi. Aliyemsaidia ni Fundi Kalenga, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, ambaye alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisa akiwa amelala chini ya gari, kwa hiyo ilionekana kama gari lenyewe linaimba. Injini iliinuliwa kwa mnyororo kwenye boriti, ikashushwa mahali pake huku nusu ya mtaa ikitoa ushauri. Baadaye Prof akapeleka kichwa cha injini kikachongwa ili mafuta yabanwe zaidi kabla ya kuwaka. Baadaye tena akatia kabureta yenye midomo miwili, inayopumua zaidi. Alitueleza kila hatua kwa chaki kwenye ukuta wetu wa matofali, upande wake, na mvua ikifuta alichora upya.

Kila boresho lilipokamilika palikuwa na sherehe ndogo. Prof alioga, akavaa shati safi, akaliwasha gari mbele ya nyumba, akaenda kumwita mke wake. Mama Ntumba alitoka na mwiko mkononi. Prof alimfungulia mlango wa nyuma, kwa heshima kabisa, mkono mmoja kifuani.

"Inalia muzuri," Mama Ntumba alisema, akarudi kwenye bukari yake, ugali wa kwetu.

Mlango wa nyuma! Mama yangu alikuwa akiangalia juu ya ukuta, akaingia ndani akakaa chini. Injini kubwa, mlango wa nyuma. Rejeta ya pikapu ili gari lisichemke tena, mlango wa nyuma. Gia ya tano, iliyotafutwa mpaka Kasumbalesa na kuja imefungwa kwenye blanketi, mlango wa nyuma tena. Prof alirudi kwenye chaki yake akisema kwamba bado kuna kitu kinakosekana, na kwa hilo alikuwa sahihi.

Alipoona nguvu haitoshi kumshawishi, akahamia kwenye namna gari linavyokaa barabarani. Alifikiri labda Mama Ntumba alichukizwa na kuyumba, maana magari yale yalikuwa laini, kwenye kona yalilala ubavu kama mtu anayetaka kusinzia. Akabadilisha springi za nyuma zikawa ngumu. Akatia shokabzoba mpya nne. Akafunga mbele fimbo nene ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ili moja likiinuka lingine lisiliache peke yake. Akaweka breki za diski kubwa zaidi na matairi mapana. Kupima kazi yake aliweka beseni la maji kwenye kiti cha nyuma akazunguka mzunguko wa kituo cha treni, kisha akarudi kuangalia kiti kimelowa kiasi gani. Kwa wiki nzima alitembea na makalio yaliyolowa kwa sababu alisahau kwamba mchana hujilaza kidogo kwenye kiti kilekile.

Mara ya kwanza alikosea, springi zikawa ngumu mno. Siku hiyo mama yangu alikuwa na maumivu ya kiuno, na Prof kwa wema wake akajitolea kumpeleka kwa daktari. Mama alirudi akisema kiuno hakimuumi tena, ila sasa hajui kama meno yake yote yapo. Prof hakuudhika. Aliuliza maswali ya maana kabisa, maumivu yalianzia kona ipi, yalikuwa ya kupanda au ya kushuka, kisha akatoa jani moja la springi kila upande, na kweli likawa gari tamu. Nimepanda magari mengi ya waajiri huko Kolwezi ninakofanya kazi, mapya, yenye baridi ndani, na sijapata linaloshika kona kama lile.

Darasani alikuwa na maneno yake. Ukijibu swali, hata jibu likiwa sahihi, alikuangalia juu ya miwani akauliza kama una uhakika, "Uko sûr, ao unafikiri?" Nilikuwa najua jibu mpaka aulize hivyo, halafu silijui tena. Hakuwahi kumpiga mtoto. Badala yake alitupeleka uwanjani kulisukuma gari lake, kundi moja likiwa limeachiwa breki ya mkono na lingine imevutwa nusu, tujifunze msuguano kwa misuli yetu. Wazazi fulani walikwenda kulalamika kwamba mwalimu anatumia watoto wao kuwasha gari bovu. Alijibu kwamba gari si bovu na somo ni la kweli. Yote mawili yalikuwa sahihi, ingawa ni kweli pia kwamba siku zile betri yake ilikuwa inasumbua.

Na alikuwa mtu wa kugongana na nafsi yake. Alitengeneza injini inayoweza kumkimbia polisi, kisha akaendesha polepole kiasi kwamba malori ya madini yalimpigia honi tangu Shituru hadi mjini. Alimngojea kuku avuke. Alimngojea kuku aliyekuwa hajaamua kama atavuka. Alituambia hakuna kinachotokea bila sababu inayopimika, lakini hakugeuza ufunguo kabla ya kufanya ishara ya msalaba, na msalaba mwingine mdogo alimfanyia usukani. Viatu vyake alivitia soli za tairi kuukuu, na alisema wazi kwamba tairi lile lilikuwa limemtumikia vizuri na halikustahili kutupwa.

Jambo moja tu lilimfanya mzee huyu asiyeogopa mtu awe mdogo, nalo ni kaka yake. Kaka alikuwa amemsomesha, amemtafutia shule ya kwanza ya kufundisha, amemsimamia ndoa. Simu ya kaka ikiita, Prof alisimama kwanza ndipo akapokea, hata kama alikuwa amelala chini ya gari, tulisikia kichwa kikigonga chuma kisha sauti ikisema, "Oui, yaya." Kaka alipokuja kutembelea, hakuna aliyemwelekeza akae wapi. Kiti kikubwa barazani kilikuwa chake, kidari cha kuku kilikuwa chake, na kwenye gari alikwenda moja kwa moja mlango wa mbele wa kulia, maana kwetu dereva hukaa kushoto, bila kuangalia kama kuna mtu. Hakuwa mbaya. Alikuwa mkarimu, alitoa peremende kwa watoto wote. Alifanya tu kile ambacho watu wote walikuwa wamekifanya kabla yake, na sisi pia tulimpisha.

Nilimpenda Prof, na nilimpenda Mama Ntumba, na kadiri nilivyokua ndivyo kicheko changu kilivyopungua. Siku moja nikiwa nimerudi likizo nilimwambia Mama Ntumba kwamba yatosha, tumwambie tu, anazeeka. Alikuwa anasafisha samaki wa ziwa Tshangalele, magamba yakimruka usoni. Alinijibu kwamba akiambiwa atatii, ni mtu wa kutii, lakini yeye hataki kutiiwa. Anataka aonekane. Nikachukua kisu cha pili nikamsaidia kusafisha samaki.

Halafu Kapinga, binti wao wa mwisho, akapata mchumba, na familia ya mvulana ikatangaza siku ya kuja. Mahali ni palepale, Lubumbashi, kwa dada yake Prof. Mbuzi wa mama angekuwepo, na hapakuwa na binti mwingine baada ya huyo. Mama Ntumba alishanunua tiketi ya basi. Prof, kwa upande wake, alisema gari sasa liko tayari kwa mlima wowote wa Katanga, na kwamba safari hii atamwalika kwa mara ya mwisho, akikataa, ataliuza.

Nilikuja kutoka Kolwezi, ambako ni muuguzi, siku mbili kabla ya safari. Prof aliniona juu ya ukuta akaniambia nimekuja wakati mzuri, anahitaji uzito. Hiyo ndiyo salamu niliyopewa. Alitaka kulijaribu gari kwenye mlima uleule likiwa na mzigo uleule watakaoubeba, kila uzito mahali pake, kwa sababu, alisema, springi haziwezi kurekebishwa kwa gari tupu. Alikuwa amejaza mchanga kwenye magunia na kuyapa majina. Kaka mkubwa alikuwa magunia mawili kiti cha mbele, yamefungwa mkanda. Nyuma, dirisha moja, palikuwa na gunia la mdogo wake Mama Ntumba. Dirisha la pili ni mimi, badala ya mama yangu. Gunia la Mama Ntumba lilikuwa la katikati, juu ya lile tuta ambalo chini yake mhimili wa gari unapita. Lakini lilipasuka wakati wa kupakia, mchanga wote ukamwagika uani.

Prof aliangalia mchanga, akaangalia saa, akampa Fundi Kalenga ufunguo. Akasema uzito wake na wa mke wake haupishani sana. Akaingia nyuma, akakaa katikati.

Gari lilipanda mlima ule kama hakuna mlima. Fundi Kalenga alikuwa akiimba. Injini haikupandisha joto, kona zilishikwa, na mimi nilifurahi kwa niaba ya mzee, nikageuka kumpongeza. Alikuwa amekaa magoti yakigusa kidevu, miguu imekosa pa kuwekwa, joto la mhimili likimpanda, na mbele yake hakuona kitu isipokuwa gunia lililofungwa mkanda. Alijaribu kuchungulia kushoto, kisha kulia. Aliniomba msamaha kwa kunisukuma. Tulipofika juu akamwambia Fundi asimame na azime, injini ikazimwa bila wasiwasi wowote, na akashuka akaangalia chini tulikotoka. Ni mlima mrefu ukiupima kwa miguu.

"Mama Ntumba alipandisha hii yote," alisema.

"Ndiyo, Prof. Na mama yangu."

"Na yaya alikuwa anakaa."

Mdomo wangu ulikuwa umetunza siri ile muda mrefu sana, na sasa nilijua nikiufungua hata kidogo nitamharibia. Alisimama pale mpaka malori mawili yakapita na kutufunika vumbi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akauliza, taratibu, bila kuniangalia, "Bote munajua?"

Nikamwambia wanawake wote wanajua. Alitikisa kichwa kama anavyotikisa mbele ya mtihani uliokosewa na darasa zima, isipokuwa safari hii darasa lilikuwa yeye. Kurudi nyumbani alikaa mahali palepale katikati, ingawa nilimpa dirisha.

Siku ya safari kaka mkubwa aliletwa asubuhi kutoka Panda, na kofia yake na fimbo, kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Mama Ntumba alikuwa amesimama karibu na ukuta wetu, amevaa nguo mpya, begi la basi begani. Alikuja kuaga tu. Kaka akasalimia watu, akagawa peremende, akatembea kuelekea mlango wa mbele wa kulia, na kumbe Prof alikuwa amesimama pale, mgongo wake kwenye mlango.

Alianza vibaya. Alisema kwamba gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwamba amepiga hesabu, na kwamba mtu mwenye uzito wa heshima akikaa nyuma magurudumu yatashika barabara vizuri zaidi mlimani, kwa hiyo angemwomba yaya, kwa faida ya wote, akubali kukaa nyuma. Ilikuwa hesabu nzuri, nadhani hata ni ya kweli. Kaka aliitikia kwa kichwa, akaonekana kufurahi kwamba safari inategemea mwili wake. Mambo yangeishia hapo kwa amani. Lakini Mama Ntumba alisogea hatua moja kutoka ukutani.

"Minye nakaa mbele juu ya poids?" aliuliza, yaani kwa sababu ya uzito tu.

Hakupandisha sauti. Prof alimwangalia, akamwangalia kaka yake, na niliona shingo yake ikijaa jasho juu ya kola. Huyu ndiye mtu aliyesimama kila alipopokea simu ya kaka yake. Mama yangu alinishika mkono akanifinya bila kujua.

"Hapana," Prof alisema. "Ile ya poids nimetafuta tu. Yaya, unisamehe. Hii kiti ni ya muke wangu. Ilikuwa yake ata ile siku, na nilimushusha yee, nikakuacha weye." Kisha akamgeukia mke wake, na sauti ikamtoka ndogo. "Nilihesabu batu bote na bintu byote. Weye sikukuhesabu."

Kaka mkubwa alivua kofia, akaigeuza mkononi, akaangalia kiti cha mbele, kisha cha nyuma, kisha shemeji yake.

"Miaka yote ile," alisema, "ni hii kiti?"

Mama Ntumba akasema ni hiyo.

"Mais mungeniambia. Inaniumizaka magoti. Nilikuwa nakaa pale sababu njo kiti ya mukubwa." Akafungua mwenyewe mlango wa nyuma, akaingia kwa shida, akanyoosha mguu mmoja juu ya mizigo, akashusha pumzi ndefu. "Huku ni muzuri," alisema kutoka ndani.

Mama yangu ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake mtaa mzima, na Mama Ntumba mwisho, akiwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge. Nilidhani anacheka tu mpaka alipokishusha. Akavua begi la basi begani akanipa mimi nilishike. Akapita mbele ya gari polepole, akamfikia Prof aliyekuwa ameufungua mlango na hakujua mkono wake mwingine aupeleke wapi, akamrekebisha kola. Akakaa. Akavuta kiti mbele kidogo, akashusha kioo, akaweka kiwiko dirishani kama mtu aliyekuwa anakaa pale kila siku.

Wengine wakaingia nyuma, nami nikawapitishia begi dirishani. Prof akafanya misalaba yake miwili, akawasha, na gari likaondoka mtaani kwetu likiwa limekaa sawa juu ya magurudumu yake manne. Tulilisindikiza kwa macho hadi kwenye kona. Hapo likakaribia kuingia mtaroni, kwa sababu dereva alikuwa amegeuza kichwa upande wa kulia na hakuwa anakirudisha, na kupitia dirisha lililo wazi tulisikia sauti ya Mama Ntumba, kavu, yenye furaha, ikimwambia Prof aangalie barabara.